KUNUNUA MACHO YA TARAKILISHI: MASWALI YA KUULIZA KABLA YA KUTOA PESA

Mwalimu mlezi wetu alisema kwamba mwaka huu makala za mafunzo zisiwe juu ya ngeli na vitate peke yake. Alituomba tuandike jambo ambalo mtu akilisoma anaweza kulitumia. Mimi nimechagua programu za tarakilishi za watu wasioona na wenye uoni hafifu, hasa zile za kulipiwa, na namna ya kuzichagua bila kutupa pesa. Najua kuna watakaosema, "Sasa hayo yanatuhusu nini?" Ngojeni kidogo.

Sababu yangu ni hii. Shangazi yangu ni mwalimu wa shule ya msingi na somo lake ni Kiswahili. Ana ugonjwa wa presha ya macho, ule ambao madaktari huuita glakoma. Ugonjwa huu huharibu neva inayopeleka habari kutoka jichoni hadi kwenye ubongo. Kilichokwisha kupotea hakirudi. Dawa na upasuaji hulinda kile kilichobaki tu. Kufikia mwaka jana hakuweza tena kusoma kitabu cha kiada akiwa amesimama mbele ya darasa. Alibakisha miaka kumi na mitatu kabla ya kustaafu, na ana watoto wawili katika shule za upili. Familia ikakaa, ikachanga. Zikapatikana shilingi 96,000. Swali likawa, zinunue nini? Kwa vile mimi ndiye huitwa mtu wa kompyuta pale nyumbani, ati kwa kuwa najua kuchapa barua, nikaambiwa nitafute. Nilitafuta kwa miezi mitatu. Haya ninayoyaandika ndiyo niliyoyapata.

PROGRAMU ZENYEWE NI ZIPI?

Ziko aina mbili kubwa. Ya kwanza ni kisoma skrini. Hii ni programu inayotamka kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye kioo cha tarakilishi. Mtumiaji haushughulikii ule mshale wa kipanya, kwa maana hauoni. Anatumia kibodi peke yake. Akibonyeza Insert pamoja na mshale wa chini, programu inasoma kuanzia pale alipo mpaka mwisho. Akiwa kwenye ukurasa wa mtandao akabonyeza herufi H, anaruka kutoka kichwa kimoja cha habari hadi kingine, kama vile wewe unavyoliangalia gazeti kwa juu juu. Waliozoea husikiliza kwa kasi ambayo mimi siambulii neno. Kisoma skrini kinaweza pia kupeleka maneno kwenye kifaa cha breli, yaani kibao chenye vipini vidogo vinavyopanda na kushuka, na mtu akasoma kwa vidole maandishi ya nukta nundu.

Aina ya pili ni kikuzaji. Hiki hufanya herufi ziwe kubwa, hubadilisha rangi ili herufi nyeupe ziwe juu ya weusi, na huunenepesha ule mshale wa kipanya ili uonekane. Zipo programu zinazounganisha kukuza na kusoma kwa sauti.

Muuzaji wa kwanza tuliyekwenda kwake mjini hakuuliza lolote kuhusu macho ya shangazi. Alifungua kikuzaji, herufi zikajaa kioo kizima, kila mtu dukani akasema "Aaa!" Akatuambia, "Mwalimu, hii ndiyo dawa yako. Lipeni nusu leo, nusu mwisho wa mwezi." Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Babangu alikuwa tayari ametia mkono mfukoni.

KWANZA JICHO, HALAFU DUKA

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nadhani ndipo watu wengi hupoteza pesa zao. Tukisema mtu haoni vizuri, tunadhani kutoona ni kumoja. Sivyo. Glakoma kwa kawaida huanza kula pembeni. Mtu anabaki na tundu la katikati, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Kunja karatasi ya manila iwe kama mrija, uiweke kwenye jicho moja, ufunge jicho la pili, halafu ujaribu kusoma ubao kutoka dawati la nyuma. Utaona herufi, lakini mstari utaupoteza.

Sasa fanya hesabu ya Kidato cha Kwanza. Ukikuza kioo mara 2 kwa upana na mara 2 kwa urefu, unaona robo yake tu kwa wakati mmoja. Ukikuza mara 4, unaona sehemu moja ya 16. Ukikuza mara 8, sehemu moja ya 64. Mtu ambaye tayari anachungulia kwenye bomba, umempa bomba la pili ndani ya lile la kwanza. Shangazi alipojaribu kile kikuzaji kwa mara 4, alisoma neno moja, akautafuta mwanzo wa mstari uliofuata mpaka akachoka. Akasema, "Nimepotea kama mgeni River Road." Yule muuzaji akasema atazoea. Shangazi akamwambia, "Kijana, mimi nimefundisha miaka ishirini na minne, najua tofauti ya mtoto ambaye hajazoea na mtoto ambaye amepewa kitabu kisicho chake." Tukaondoka.

Lakini msije mkasema kwamba kikuzaji ni kibaya. Kuna wazee ambao ugonjwa wao huharibu katikati ya jicho na kuacha pembeni. Hao herufi kubwa huwafaa sana. Ndugu zetu wenye ualbino wengi wana uoni hafifu na mwanga mkali huwaumiza. Kwao kukuza pamoja na kugeuza rangi, weusi ukawa nyuma na weupe mbele, ni nafuu kubwa. Naye mwenye mtoto wa jicho asinunue programu kabla hajamwona daktari, maana huo ni ugonjwa ambao upasuaji huuondoa. Itakuwa kichekesho kulipa maelfu kwa jicho ambalo lingetibiwa.

Kuna swali moja lingine la daktari ambalo ni chungu kuuliza: je, macho yatabaki hivi, ama yanaendelea kupungua? Ikiwa yanapungua, usinunue kitu cha macho ya leo. Shangazi aliuliza mwenyewe. Akajibiwa kwamba dawa akizitumia kila siku zitasaidia kulinda kilichobaki, lakini asiache kujifunza kusoma kwa masikio. Hapo ndipo sisi tukajua kwamba tunatafuta kisoma skrini.

ZA KULIPIWA

Kisoma skrini cha kulipiwa kinachojulikana zaidi ni JAWS. Historia yake inapendeza. Ted Henter alikuwa Mmarekani wa mashindano ya pikipiki. Mwaka 1978 alipata ajali ya gari akapoteza uwezo wa kuona. Akajifunza kuandika programu za tarakilishi, na mwaka 1987 yeye na Bill Joyce wakaanzisha kampuni ya Henter-Joyce huko Florida. JAWS ya kwanza ilitoka mwaka 1989, wakati wa mfumo wa DOS. Ya Windows ikafuata mwaka 1995. Siku hizi inatengenezwa na Freedom Scientific, iliyo chini ya kampuni ya Vispero. Kampuni hiyo hiyo ndiyo yenye ZoomText, ambayo ni kikuzaji, na Fusion, ambayo ni JAWS na ZoomText zilizofungwa pamoja. Huko Uingereza kuna kampuni ya Dolphin yenye SuperNova, ambayo huuzwa kwa ngazi: kukuza peke yake, kukuza na sauti kidogo, ama kukuza pamoja na kisoma skrini kamili.

Pesa hizo zinanunua nini? Ukiambiwa "sauti nzuri", usitosheke. Kitu kikubwa cha JAWS, kwa maoni yangu, ni maagizo maalumu ambayo mtaalamu anaweza kuyaandika ili programu ngeni izungumze. Ofisi nyingi zina programu zao za ndani, za mishahara ama za akaunti za wateja, ambazo hazikutengenezwa zikimfikiria asiyeona. Bila maagizo hayo kisoma skrini hunyamaza ama hubwabwaja. Kitu cha pili ni msaada: kuna mtu wa kumpigia simu ukikwama. Kitu cha tatu ni matoleo mapya, kwa kuwa Windows nayo hubadilika na programu isiyobadilika nayo huachwa nyuma.

Sasa tuje kwenye bei. Kwa miaka mingi leseni ya kudumu ya JAWS huko Marekani imeuzwa kwa karibu dola 1,000 ama zaidi. Chukua dola 1,000, uzidishe kwa shilingi 129, upate shilingi 129,000. Mchango wetu wote haukufika hapo, na tarakilishi yenyewe ilikuwa haijanunuliwa. Na hilo neno "kudumu" lisikulaze usingizi. Maana yake ni kwamba toleo ulilonunua halitafungwa, si kwamba utapewa matoleo yote yajayo bure. Matoleo yajayo yana malipo yake. Ipo pia leseni ya mwaka mmoja mmoja ambayo bei yake ni ndogo sana kuliko ile ya kudumu, lakini mwaka ukiisha ulipe tena ama usimame. Kwa hiyo mwulize muuzaji: hii ni ya kudumu ama ya mwaka? Ni ya nyumbani ama ya kazini, kwa kuwa leseni ya nyumbani haikuruhusu kuitumia kibiashara? Inaingia kwenye tarakilishi ngapi? Tarakilishi ikiibwa, leseni nitaihamisha vipi? Yule wa kwetu alijibu mawili, ya tatu akasema turudi kesho.

Jambo ambalo hakutuambia kabisa, na nililijua baadaye, ni kwamba JAWS inaweza kujaribiwa bila kulipa. Ukiiweka bila leseni, inafanya kazi dakika 40, kisha inanyamaza mpaka uzime na kuwasha tarakilishi upya. Dakika 40 ni kipindi kimoja cha darasa. Kwani kuna mtu ananunua viatu bila kuvivaa? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kisa kingine kilinifungua macho. Kulikuwa na kisoma skrini cha kulipiwa kilichoitwa Window-Eyes, cha kampuni ya GW Micro, kikishindana na JAWS kwa miaka mingi. Mwaka 2014 kilianza kutolewa bure kwa wenye Microsoft Office. Kampuni ikaungana na nyingine, hiyo nyingine nayo ikanunuliwa na wenye JAWS mwaka 2016, na mwaka 2017 Window-Eyes ikasimamishwa. Watu waliokuwa wamezoea vibonye vyake wakaanza kujifunza upya. Kwa hiyo kulipa pesa nyingi si hirizi ya kuzuia programu isife.

NA ZA BURE JE?

Hapa ndipo wazee wetu walishtuka. Ndani ya Windows yenyewe mna kisoma skrini kiitwacho Narrator, ambacho kimekuwemo tangu Windows 2000, na mna kikuzaji pia. Bonyeza kibonye cha Windows, Ctrl na Enter kwa pamoja, utaisikia Narrator ikianza kusema. Jaribuni katika chumba chetu cha tarakilishi, lakini mwalimu wa zamu asiwakute mmeongeza sauti.

Halafu iko NVDA. Kijana asiyeona wa Australia, Michael Curran, alianza kuiandika mwaka 2006, kwa kuwa aliona si haki mtu asiyeona alipe maelfu juu ya bei ambayo mwenye macho ameshalipa kwa tarakilishi ile ile. Mwenzake James Teh, naye haoni, akaungana naye, na mwaka 2007 wakaanzisha shirika la NV Access. NVDA hutolewa bure, anayeweza huchangia. Unaweza hata kuibeba kwenye flashi, ukaichomeka katika tarakilishi ya mtu mwingine, ikasoma bila kuwekwa humo.

Mtu atauliza, kama cha bure kipo, mbona wengine wanalipa? Nilikuwa na swali hilo hilo. Shirika la WebAIM la Chuo Kikuu cha Jimbo la Utah huwauliza watumiaji wenyewe kila baada ya miaka michache. Mwaka 2021, asilimia 53.7 walisema JAWS ndiyo wanayoitegemea zaidi, na asilimia 30.7 wakataja NVDA. Katika uchunguzi uliofanywa mwishoni mwa 2023 na mwanzo wa 2024, JAWS ilikuwa asilimia 40.5 na NVDA 37.7. Pengo limekaribia kuzibika. Tena wengi wa waliojibu walikuwa wa Amerika Kaskazini, ambako mara nyingi mwajiri ama serikali ndiye hulipa. Kwetu sisi ni mchango wa familia.

Jirani yetu mmoja, mzee anayepokea simu katika ofisi fulani hapa mjini, haoni tangu utotoni. Yeye anatumia JAWS. Nilipokwenda kumwuliza alicheka. Alisema, "Mjukuu wangu, mimi sikuinunua. Ofisi iliinunua, na wakamleta mtu akaifundisha kusoma programu yao ya wateja. Bila hiyo ningekuwa nyumbani. Lakini nyumbani kwangu nina NVDA, na vibonye vingi vinafanana." Mzee huyo alinipa kipimo kizuri kuliko yote niliyosoma. Alisema usianze kwa kuuliza programu gani ni bora. Uliza, huyu mtu Jumatatu asubuhi atakaa chini afanye nini? Andika kazi zake kwenye karatasi, kisha kila programu ifanyishwe kazi hizo.

Tukaandika za shangazi. Kuchapa maazimio ya kazi na mitihani. Kusoma barua na nyaraka zinazotumwa na wakuu. Kuingiza alama za wanafunzi kwenye mtandao. Kusoma vitabu vya kiada. Na yote hayo, sehemu kubwa, kwa Kiswahili.

KISWAHILI KWENYE MASIKIO YA MASHINE

Wanachama, hapa ndipo makala hii inapostahili kuwa katika jarida letu. Sauti ya tarakilishi ina lugha. Sauti ya Kiingereza ikipewa Kiswahili huisoma kama Mzungu aliyeshuka ndege jana. Kwa Kiingereza, irabu "e" iliyo mwishoni mwa neno aghalabu haitamkwi, bali hubadilisha irabu iliyo mbele yake. Kwa Kiswahili kila irabu hutamkwa. Basi niliandika sentensi hii ya kupimia: "Pole sana, jina lake liko pale kwa mke wake, na hilo dude ni langu." Sauti ya Kiingereza ikasema "poul sana", "jina leik", "peil", "weik", na "dude" ikawa "duud". Ng'ombe sitaki hata kumtaja. Shangazi alicheka mpaka akatoa machozi, kisha akanyamaza. Akasema, "Sasa nikisomewa insha ya mtoto hivyo, nitajua vipi aliyekosea ni mtoto ama ni mashine?"

Hilo ndilo swali, na hakuna muuzaji hata mmoja aliyekuwa amelifikiria. Mmoja alituambia, "Mwalimu, hizi vitu ni za Kiingereza." Yaani mwalimu wa Kiswahili wa Kenya auziwe masikio ya Kiingereza!

NVDA huja na sauti za eSpeak, na kati ya lugha zake mna Kiswahili. Sitaki kuwadanganya: ni sauti kavu, kama mtu anayezungumza ndani ya debe. Siku ya kwanza nyanya alidhani ni redio mbovu. Lakini inajua kwamba "lake" ni la-ke. Mtoto akichapa "akuna" badala ya "hakuna", unasikia "akuna". Akiandika "kura" badala ya "kula", unasikia amekwenda kupiga kura. Na mahali pa shaka unatembea kwa mshale herufi moja moja. Kwa mwenye kusahihisha, sauti kavu inayosema kweli inashinda sauti tamu inayobuni. Baada ya wiki mbili shangazi alisema haisikii tena kama debe.

Kuna tatizo upande wa pili pia: sauti ya Kiswahili ikikutana na barua ya Kiingereza, inaisoma irabu kwa irabu na haieleweki. Kwa hiyo lazima mtumiaji ajifunze kubadilisha sauti kwa vibonye, haraka, bila kwenda kutafuta kwenye menyu. Pima hilo pia. Na ukiuziwa programu yoyote ya kulipiwa, mwambie muuzaji aifungue sauti ya Kiswahili hapo hapo uisikie. Akisema "itakuja", basi pesa nazo zitakuja.

YALE AMBAYO PESA HAZIKUNUNUA

Mambo matatu yalitushinda, na ni vizuri myajue ili mtu asilaumu programu bure. Kwanza, nyaraka nyingi hupigwa picha kisha zikatumwa. Kwa kisoma skrini picha ni ukimya. JAWS na NVDA zote zina njia ya kutambua herufi zilizochapwa ndani ya picha, na hufanya kazi vizuri ikiwa picha ni safi. Ikiwa ilipigwa usiku kwa simu yenye kioo kilichopasuka, utapata mchanganyiko wa herufi. Pili, mtandao mmoja ambao shangazi alitakiwa aingize alama ulikuwa na vitufe visivyo na majina. NVDA ilisema "kitufe, kitufe, kitufe". Tukajaribu JAWS katika dakika zake 40, nayo ikaanza vivyo hivyo. Kosa lilikuwa la aliyeutengeneza mtandao huo. Mpaka leo mwalimu mwenzake humsaidia hapo. Tatu, mwandiko wa mkono wa mtoto wa gredi ya tano katika daftari haukusomeka kwa programu yoyote tuliyoijaribu. Sasa watoto wake husomeana insha kwa sauti naye akisikiliza, na anasema makosa ya sarufi yamepungua kuliko zamani. Hilo halikuwa katika bei ya mtu.

Niseme kidogo juu ya nakala za wizi. Utawapata vijana watakaokuwekea JAWS iliyovunjwa kufuli kwa shilingi elfu mbili. Tuliambiwa hivyo hata sisi. Mbali na kuwa ni wizi, hujui ndani yake wameweka nini, na mtu asiyeona ataitegemea tarakilishi hiyo kwa nywila zake za benki. Babangu alikataa katakata.

PESA ZETU ZILIKWENDA WAPI?

Mwishowe shangazi ndiye aliyeamua, si sisi. Alijaribu kila kitu kwa kazi zake mwenyewe, akachagua NVDA. Kati ya zile shilingi 96,000, tulinunua tarakilishi ya mkononi iliyotumika, lakini yenye nguvu ya kutosha, kwa sababu kisoma skrini kwenye tarakilishi inayojikokota humfanya mtu angoje neno mpaka asahau alichotaka. Tukanunua spika za masikioni zilizo nzuri, ili darasa lisisikie alama za mtihani. Sehemu iliyobaki, ambayo ni zaidi ya nusu ya pesa zote, ilikwenda kwa mafunzo: nauli, chakula na malipo ya mwalimu asiyeona aliyemfundisha vibonye kwa wiki sita. Wazee wengine hawakufurahi. Walitaka waone boksi. Mafunzo hayana boksi. Lakini nimemwona mtu mwenye JAWS halali asiyejua zaidi ya kuiwasha na kuizima, na nimemwona shangazi anavyoruka kwenye nyaraka kwa programu ya bure. Kama angekuwa karani wa benki mwenye programu ngumu ya ofisi, ningemwambia amdai mwajiri JAWS bila haya. Yeye ni mwalimu. Muhula huu ametunga mtihani wa Kiswahili wa gredi ya tano na ya sita, akauchapa mwenyewe.

Mwenye jamaa wa aina hiyo aanze kuuliza mapema. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 54, inasema kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kupata vifaa vya kumsaidia kukabili vikwazo vya ulemavu wake. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu lina hazina ambayo husaidia kwa vifaa, lakini lazima mtu awe ameandikishwa kwanza, na foleni ipo. Iko Kenya Society for the Blind, iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1956. Iko KISE pale Kasarani, ambayo tangu 1986 imekuwa ikifundisha walimu wa elimu maalumu. Na shirika la inABLE, lililoanzishwa mwaka 2009, limeweka vyumba vya tarakilishi katika shule za wasioona, likianzia Thika. Nendeni na ile karatasi ya kazi za Jumatatu asubuhi. Ukiwa nayo watu hukujibu kwa urefu.

Kwa wanachama: mwalimu mlezi ametukubalia tutumie chumba cha tarakilishi Jumatano moja baada ya vipindi, tarehe itabandikwa ubaoni. Nitaleta NVDA kwenye flashi, na JAWS itakuwa imewekwa kwa zile dakika 40 zake. Kila mtu aje na kitambaa cha kufunga macho, na aya moja ya Kiswahili aliyoiandika mwenyewe. Wanaopanda matatu ya saa kumi na moja tutaanza nao.